Maji Yaliyokataa Kuwa Meupe

Mama mdogo aliuza mtamba ili anunue samaki. Kwetu Sapiwi, habari hiyo peke yake inatosha kukusanya watu. Mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Watu huuza dume, huuza mbuzi, huuza pamba yote ya msimu, lakini mtamba hubaki zizini, kwa sababu zizi la miaka ijayo limo tumboni mwake. Mama mdogo alimfungua kamba, akampeleka mnadani mwenyewe, akarudi kuchimba bwawa.

Alilichimba ndani ya ngitili ya ukoo wa marehemu mumewe. Ngitili ni majani yanayofungiwa yasiguswe mpaka kiangazi kiume, ng'ombe wanapokosa kabisa pa kula. Kukata kipande cha ngitili ukijaze maji ilikuwa kama kukata mkate wa mtu mbele ya macho yake. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, aliitisha kikao. Nilikuwepo, nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Dar na mswada wa riwaya uliokataa kusonga.

"Shemeji," alisema, "sisi hatukukatazi. Lete hao samaki wako. Ila wakifa, shimo tunalifukia, majani yanaota, ng'ombe wanarudi. Sawa?"

"Sawa," alijibu mama mdogo.

"Na wakija wageni utawaonyesha nini? Utawaambia tazameni utajiri wangu, uko chini ya tope?"

Watu walicheka. Mjomba wangu, mdogo wake mama mdogo, hakucheka. Katika ndugu wote ndiye pekee aliyesimama upande wake, na ndiye aliyeazima pikapu ya kwenda Kalemela kuwachukua samaki.

Harufu ya karafuu mimi nilikutana nayo kwa njia ya jino. Nilipokuwa shule, jino la nyuma lilitoboka, likaniuma mpaka nikaona rangi. Mama alinipeleka Bariadi mjini. Daktari wa meno alichukua unga mweupe, akaudondoshea mafuta ya karafuu, akaukoroga juu ya kioo mpaka ukawa kama udongo wa mfinyanzi, akaushindilia kwenye tundu. Kabla sijafika kituoni maumivu yalikuwa yameondoka kama mtu aliyeitwa nje. Miaka mingi baadaye, nikitafuta maneno ya kuandika juu ya maumivu, nilisoma ni nini hasa kiliniingia mdomoni siku ile.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kinachoitwa eujenoli. Umbo lake ni pete ndogo ya kaboni iliyoning'inizwa vipande viwili vitatu vya kaboni, oksijeni na hidrojeni. Pete hiyo haipendi maji, inapenda mafuta; na kwa kuwa ngozi ya kila seli ni utando wa mafuta, eujenoli hupenya humo kwa urahisi. Bakteria na kuvu hutobolewa utando wao, wakavuja, wakafa. Ndiyo maana mafuta haya husafisha kinywa. Wadudu huyakimbia. Mishipa ya fahamu nayo ina milango midogo inayopitisha sodiamu kila habari ya maumivu inaposafiri. Eujenoli huifunga milango hiyo. Jino bado linapiga kelele, lakini hakuna anayelisikia.

Nililipenda wazo hilo. Nilipita haraka mistari iliyosema kwamba kwa samaki milango hiyo hufungwa mwili mzima, na kwamba ikifungwa mno, samaki husahau kupumua.

Mwanamke anayefuga samaki Kalemela alitupokea akiwa ndani ya maji hadi magotini. Mabwawa yake yako karibu na ziwa. Samaki tuliowafuata walikuwa sato wazazi, wale wakubwa wa kutagisha, majike mengi na madume machache. Alitueleza shida ya kuwasafirisha: samaki akihofu hupigapiga tangi, magamba hutoka, hupumua haraka, hunywa hewa yote iliyomo majini, na uchafu wake unakuwa sumu yake. Dawa ni kumtuliza.

Alimpa mjomba chupa ya kahawia ya mafuta ya karafuu na chupa nyingine ya spiriti.

"Matone tu," alisema. "Si ya kuwalaza, ni ya kuwatuliza. Haya mafuta hayaelewani na maji. Unayachanganya kwanza na spiriti kwenye kichupa, unatikisa, halafu unamimina taratibu. Ukiona wanaogelea polepole na hawakimbii mkono, inatosha."

"Nimekuelewa, mayu," mjomba alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. Maisha yake yote ameogesha ng'ombe. Anajua dawa za kupe kwa majina ya utani, anajua ipi inachubua chuchu na ipi inapotea mvua ikinyesha. Hakuna mtu kati yetu aliyewaza kwamba anahitaji kusimamiwa.

Mimi na mama mdogo tuliingia bwawani kuvuta nyavu. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, tope lilitunyonya miguu. Samaki walipokusanyika kwenye kona, uso wa maji ulichemka, na mama mdogo akaanza kucheka kama msichana. "Tazama huyu! Mwone huyu mama, ana kiuno!" Tuliwabeba kwenye beseni mmoja mmoja hadi kwenye tangi nyuma ya pikapu, huku mjomba akiwa ameinama juu yake na chupa mkononi, uso umekunjamana. Alituambia kila kitu kiko tayari. Tukamuaga na kumshukuru mwenye mabwawa, wabeja, wabeja, mjomba akashika usukani, mimi na mama mdogo tukakaa nyuma, kila mtu upande wake wa tangi.

Barabara ya kutoka Kalemela kwenda lami ilikuwa imekatwakatwa na mvua zilizokuwa ndiyo kwanza zimekoma. Pikapu ilipanda, ikashuka, ikayumba. Maji yalitupiga kifuani. Mwanzo nilifurahi, kwa sababu harufu ya karafuu ilipanda kutoka tangini kama pilau ya harusi, na mama mdogo alifunga macho akaivuta. Kisha ikawa kali. Ikanipa ganzi kwenye ncha ya ulimi, na sikuwa nimeonja kitu.

Nilichungulia. Maji ambayo tulipoondoka yalikuwa ya kijani safi yalikuwa yamegeuka weupe hafifu, kama maji ya kuoshea mchele. Samaki hawakuwa wakikimbia mkono. Hawakuwa wakikimbia chochote. Mmoja alilala ubavu, akazungushwa na mtikisiko kama kandambili iliyotupwa. Mwingine alionyesha tumbo.

"Mama," nilisema. "Mama, angalia."

Aliangalia, akainuka wima kwenye gari linalokwenda, akapiga paa la pikapu kwa viganja vyote viwili.

Mjomba alisimama ghafla katikati ya majaruba ya mpunga, akaruka chini. Nilimwuliza alitia kiasi gani.

"Vifuniko," alisema.

"Vifuniko vya nini?"

"Vya soda. Nilitia kimoja, maji hayakubadilika. Nikatia kingine. Maji yalikataa kuwa meupe."

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ukiimimina majini, hugeuka maziwa papo hapo, ndivyo ilivyotengenezwa. Mfugaji yeyote wa kwetu hupima josho kwa jicho: maji yakiwa meupe dawa imekolea, yakiwa angavu kupe watakucheka. Mjomba alikuwa amesubiri weupe. Lakini mafuta ya karafuu hayafanyi hivyo. Ni mazito kidogo kuliko maji. Bila spiriti yalizama yakakaa chini ya tangi, matone yametulia kama macho ya chura, huku juu maji yakibaki angavu na samaki wakiwa wazima kabisa. Akaongeza. Yakazama. Akaongeza tena. Kisha akaendesha gari juu ya yale mashimo yote, na barabara ikafanya kazi ambayo spiriti ingefanya. Ikatikisa tangi mpaka kila tone likapasuka, likasambaa, likaingia matamvuani, pale samaki anapopumulia, kwa wakati mmoja.

"Na spiriti?" mama mdogo aliuliza.

"Nilidhani ni ya kupangusia mikono, dada. Kama ya sindano."

Mama mdogo hakumtukana. Ningependelea amtukane. Alishika ukingo wa tangi, nikajua anawaona wale wanaume wa kikao wakiwa na majembe mabegani.

Jambo moja nililolisoma lilikuwa na faida pale. Eujenoli huingia kwa samaki kupitia matamvua, na hutoka kwa njia hiyo hiyo, ikiwa maji yanayopita hapo ni safi. Haikai. Haijengi nyumba. Shida ni kwamba samaki aliyelala mno hachezeshi tena matamvua, kwa hiyo maji safi hayapiti, kwa hiyo dawa haitoki. Inabidi mtu mwingine ampumulie.

"Tunahitaji maji yanayotembea," nilisema. "Sasa hivi."

Ng'ambo ya tuta ulipita mfereji wa majaruba. Mama mdogo alikwisha shuka na beseni. Mwanamke mwenye jembe alisimama katikati ya mpunga wake, akatukazia macho.

"Mwadila, mayu," mjomba alimsalimu.

"Mwadila. Mnaleta nini kwenye maji yangu?"

"Samaki, mayu. Wanakufa."

"Wanakufa kwa nini? Mmewapa sumu halafu mnaniletea mimi?"

"Ni karafuu tu."

"Karafuu!" Alitazama mbingu. "Mnapika pilau na samaki hai? Watu wa wapi nyie?"

"Wa Sapiwi."

"Ndiyo maana. Wa ng'ombe."

Nilimwuliza kama majaruba yamepuliziwa dawa ya wadudu. Swali hilo lilikuwa limenijia ghafla, maana maji ya mpunga yaliyopuliziwa yangewamaliza kabla karafuu haijawamaliza. Alielekeza jembe. Huu mfereji wa chini, jirani alipuliza jana. Ule wa juu, wa pampu inayovuta ziwani moja kwa moja, bado.

"Piteni juu. Na msinikanyagie miche!"

Tulikimbia juu ya matuta membamba na mabeseni yanayomwagika. Mjomba aliteleza, akazama hadi pajani, hakuangusha samaki hata mmoja. Ndani ya mfereji kila mtu alishika samaki: mkono mmoja shinani mwa mkia, mwingine chini ya kidevu, mdomo umefunguliwa kwa kidole gumba, kichwa kikielekea mkondo. Tukaanza kutembea. Mbele, mbele tu. Ukimrudisha nyuma maji huingia kinyume na matamvua, unamwumiza. Kwa hiyo unakwenda hadi kwenye kona, unamgeuza hewani, unarudi mwanzo, unakwenda tena.

Samaki wangu alikuwa mzito na laini, kama mkono wa mtu aliyezimia. Jicho lilikuwa wazi na halikuwa linatazama. Nilitembea. Sikusali, nilihesabu pumzi zangu kana kwamba ni zake. Kisha kitu kikapapatika chini ya kidole changu, kidogo sana, kama kope. Tamvua. Likatulia. Nikadhani nimelibuni. Likapapatika tena.

"Huyu anapumua!" nilipiga kelele.

"Mwache hapo pembeni, shika mwingine!" mama mdogo alijibu bila kugeuka.

Yeye alikuwa amemfungua mdomo jike kubwa, yule mwenye kiuno, na mayai yalikuwa yakimtoka. Sato jike huatamia mdomoni. Hubeba mayai yake humo bila kula mpaka watoto waweze kuogelea, na akiona hatari huwarudisha ndani. Huyu alikuwa amelazwa mpaka akasahau kufumba mdomo. Mayai ya njano, madogo kama mtama, yalipita kwenye viganja vya mama mdogo, yakaenda na mkondo. Alijaribu kuyazuia kwa vidole. Kisha akaacha kuyazuia, akafungua mdomo wa samaki zaidi ili maji yapite, na mayai yote yakaondoka.

Mwenye mpunga alikuwa ameweka jembe chini. Aliingia mfereji na kanga yake, akachukua samaki kutoka kwenye beseni, akamtazama mjomba anavyofanya, akafanya hivyo hivyo.

"Nikishika wangu akafa, ni wangu?" aliuliza. "Namla?"

"Usimle," nilisema. "Bado ana dawa mwilini."

"Samaki mwenye viungo vyake tayari, unanikataza?"

Mjomba alicheka, kicheko kilichokatika katikati na kuwa kitu kingine. Alikuwa na dume mikononi, dume kubwa kuliko yote, na lilikuwa halijasogea tangu alipolishika. Alilitembeza akiliongelesha Kisukuma kwa sauti ya chini, maneno yale yale anayomwambia ndama anayetoka tumboni amechoka. Sisi tulikuwa tukiwaweka wengine pembeni, kwenye maji yaliyotulia nyuma ya nyavu tulizokuja nazo kutoka Kalemela, wakiyumbayumba kama walevi, mmoja mmoja wakijiweka sawa. Baadhi hawakurudi. Tuliwalaza kwenye nyasi na rangi yao ikaanza kufifia. Yeye aliendelea na lile dume.

"Kaka, liache," mama mdogo alisema. Ni mdogo wake, lakini akiwa na huruma humwita kaka.

"Bado."

"Limekwenda."

"Dada, usiniambie. Mimi ndiye niliyelilaza."

Mama mdogo alimwendea, akalichukua mikononi mwake, akalilaza nyasini na wengine. Kisha akamshika mjomba shingoni kwa mkono wenye matope. Mwenye mpunga aligeuka pembeni, akaanza kukamua kanga yake.

Kilichobaki ndicho kilichokuwa kigumu zaidi. Madume mawili yalikuwa hai, na majike ya kutosha kuanzia. Jua lilikuwa limepanda. Mbele yetu kulikuwa na njia yote ya kwenda Bariadi, halafu vumbi la kwenda Sapiwi, na samaki ambao sasa walikuwa wameanza kuzinduka walikuwa wakirukia nyavu kwa hofu. Bila kutulizwa wangejimaliza wenyewe tangini. Na dawa ya kuwatuliza ilikuwa kwenye ile chupa ya kahawia.

Tulimwaga maji yote ya zamani mbali na mfereji, tukasugua tangi kwa majani na maji mapya mpaka harufu ikawa mbali, tukajaza upya. Mama mdogo aliitazama chupa kwa muda mrefu.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Tufanyeje?"

Nilitaka kusema sijui, kwamba kusoma juu ya kitu si kukishika. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba mwenye mabwawa hakukosea: kidogo, na spiriti kwanza. Mjomba, bila kuinua uso, alitoa mfukoni bomba la sindano jipya, bado limefungwa kwenye karatasi yake, la chanjo ya ndama. Lina mistari. Alimpa dada yake. Mama mdogo akamrudishia.

"Pima wewe," alisema. "Mimi natazama."

Mjomba aliegemea pikapu. Alivuta mafuta chini ya mstari wa kwanza, akainua bomba kwenye mwanga, akapunguza. Akayaweka kwenye kichupa chenye spiriti, akatikisa; hapo ndipo yalipokubali, yakawa kitu kimoja. Aliyamimina kwa kuzunguka tangi zima, akikoroga kwa mkono wake mwenyewe, akasubiri. Maji hayakuwa meupe. Hakuongeza. Niliona ilivyomgharimu kutoongeza.

Njia nzima hadi Bariadi mjomba alikwepa kila shimo aliloliona. Mimi na mama mdogo tuliinama juu ya tangi, tukitazama matamvua yakifunguka na kufunga, polepole, polepole, na kila pikapu iliporuka tuliyashika maji kwa macho.

Shemeji alikuwa kwenye ngitili tulipofika, na ng'ombe wake wakisubiri nje. Alituangalia tukiwashusha samaki kwenye beseni, tukiliinamisha beseni ukingoni mwa bwawa. Samaki walitoka taratibu, wakakaa kidogo kwenye kina kifupi kama watu wanaozoesha macho kwenye giza, kisha wakazama. Maji ya udongo yakawafunika.

"Wako wapi?" shemeji aliuliza.

"Humo."

"Sioni kitu."

"Humo, shemeji."

Mama mdogo alirusha pumba. Zikaelea. Hakuna kilichozijia. Samaki aliyetulizwa hana njaa, nilijua hivyo, nilijaribu kueleza, lakini maneno yangu yalisikika kama visingizio hata masikioni mwangu. Shemeji alitikisa kichwa. Alisema atarudi kesho kuangalia, na sote tulielewa anachokuja kuangalia.

Kesho yake ng'ombe wake walifika kabla yake, wakaelekea bwawani moja kwa moja kwa kuwa walisikia harufu ya maji. Mama mdogo alisimama ukingoni na kikapu cha pumba. Hakuwa amelala. Mjomba alikuwa amechuchumaa mbali kidogo, hataki kutazama. Shemeji alikuja, akasimama kando ya mama mdogo bila kusalimu.

Mama mdogo alirusha. Pumba zilitawanyika juu ya maji, zikazunguka, zikaenda na upepo hadi upande wa pili. Nilisikia ng'ombe wakipumua nyuma yetu. Kisha mahali pamoja, karibu na matete, pumba zikaingia chini. Hazikuzama, zilivutwa. Mdomo wa mviringo ulijitokeza, ukafyonza, ukapotea. Pembeni yake mwingine. Halafu uso wote wa kona ile ukaanza kujikunja na kupasuka, tup, tup, kama mvua inayonyesha kutoka chini.

Mama mdogo alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Shemeji aliangalia mpaka pumba zikaisha. Ng'ombe wake wa mbele alikuwa amekwisha weka kwato kwenye tope la ukingo, ameinamisha shingo anywe. Shemeji alipiga mluzi, akampiga kofi la mgongo, akawageuza wote, akawapeleka kunywa kwenye lambo la mifugo, upande wa pili.